Bibi Harusi wa Upande Mmoja

Binti yake Somoe hakuniambia kwenye simu kwamba mama yake amekufa. Alisema tu, "Mama mdogo, maji tumeshayatenga. Tunakusubiri wewe." Nilikuwa jikoni kwangu Lindi, kumepambazuka punde, nakoroga uji, na niliendelea kuukoroga baada ya simu kukatika, kwa sababu nilihisi kwamba mkono ukisimama nitalazimika kuelewa. Kisha nikampigia mimi. "Kwa nini mimi?" nikamuuliza. "Sijawahi kuosha maiti maisha yangu yote. Niliwahi kumwaga maji mara moja, tena macho nimeyaelekeza ukutani." Nyuma yake nilisikia wanawake wakiburuta majamvi. "Mama kasema unajua," akajibu. "Kasema, akikataa mwambieni aanzie kidole kidogo, mengine yatakuja yenyewe."

Garini, nikielekea Nachingwea, nilifanya kile ninachofanya siku zote, yaani kuyapanga mabaya yote kabla hayajatokea. Nitateleza. Nitalia, chozi litamdondokea. Wanawake wa mtaa watanitazama na kuulizana huyu katoka wapi. Nitasahau upande upi unatangulia. Tulipoingia Ruangwa nikafumba macho na kujifanya nimelala, kama nilivyofanya kila nilipopita mji ule kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa kuwa yupo mwanamke wa Ruangwa ambaye sikutaka macho yetu yakutane. Nilimwona mara ya mwisho akiwa msichana. Siku ile alikuwa amelala kitandani kwetu, amefunikwa kanga mpaka kidevuni, na nusu ya mwili wake ilikuwa imepakwa mafuta.

Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilikuwa nimerudi Nachingwea na shahada yangu ndani ya bahasha ya kaki. Nilijibu swali moja kutoka asubuhi mpaka jioni. "Umepata kazi?" "Bado." Sokoni bado, kisimani bado, msibani bado. Mpaka leo mtu akitamka neno hilo ghafla karibu nami, moyo unaruka. Usiku sikulala, mchana nilitafuna kucha, na kitu pekee kilichonituliza kilikuwa ni tabia niliyoianza chuoni wakati wa mitihani: nilikuwa nachukua mafuta ya ufuta kidogo kwenye kiganja, nafunga mlango, najipaka miguu polepole, kidole kimoja kimoja, bila kuwaza kidole kinachofuata. Kwa muda ule mfupi kichwa changu kilikuwa kimya. Nikajiuliza, wanawake hawa wanaotoka shambani migongo imepinda, wanaojichubua kwa mkorogo mpaka mashavu yanababuka, kama wangepata chumba cha kushikwa polepole namna hii, kwa vitu vya hapahapa kwetu, ingekuwaje? Niliwaza jambo hilo kwa miezi. Niliwaza hata rangi ya pazia. Mwishowe nikapanga chumba cha nyuma kwa fundi cherehani mmoja, nikaandika mlangoni kwa rangi ya bluu: TULIA, UREMBO WA ASILI. Sharti la chumba lilikuwa moja. Udi ukishawashwa, hakuna kuongea mpaka uzime wenyewe.

Wanawake walicheka wakashika mbavu. "Yaani nilipe ili ninyamaze?" aliuliza mmoja. "Mbona kunyamaza nyumbani kwangu ni bure? Mume wangu ndiye anayeongea." Mwingine akamjibu, "Mwache msomi wa watu. Kasoma mpaka kasahau kuongea." Fundi naye, kutoka kwenye cherehani yake, aliuliza kama na wanaume wanaruhusiwa kunyamaza, maana anaye shemeji yake mmoja. Nilicheka nao, kisha nikaingia ndani, nikakaa kwenye godoro jipya la mteja ambaye hakuwepo, nikaanza kuhesabu makosa yangu.

Somoe aliingia kuuza mafuta ya ufuta aliyokamua mwenyewe. Alikuwa amenizidi miaka kama kumi, mwanamke mrefu, mama yake Mmakua wa Msumbiji, na usoni alikuwa amejipaka msiro, ule unga mweupe wa mti ambao Wamakua huusugua juu ya jiwe kwa maji. Ulikuwa umekauka na kumfanya aonekane kama amevaa uso mwingine juu ya uso wake. Hakuwa mtu wa kimya hata kidogo. Alipenda redio, alipenda umbea, alipenda kubishana juu ya ming'oko, mizizi ile ya porini, ya wapi ni mitamu kuliko ya wapi, na akikopa kanga yako usitegemee kuiona tena.

"Hapa mnafanya nini, mdogo wangu?"

"Urembo wa asili, dada. Na kutuliza akili."

"Akili ya nani?"

"Ya mteja."

"Na yako nani anaituliza? Hizo kucha si umezimaliza, bado vidole tu uvile!"

Akakaa. Akabonyeza godoro kwa kiganja, akatikisa kichwa. "Hili litanyonya maji na mafuta litanuka. Tafuta kitanda cha kamba. Kamba inapitisha." Wiki iliyofuata alirudi na kitanda cha kamba kichwani, akakiweka katikati ya chumba badala ya ukutani, ili mtu aweze kukizunguka, na hakuondoka tena. Mimi nilileta ukimya, yeye alileta mikono. Hivyo ndivyo nilivyozoea kusema tukiwa wawili, naye alikuwa anajibu kwamba ukimya hauna kazi ngumu, ungeweza kuja peke yake.

Nataka kukieleza chumba kile, kwa sababu ndicho ninachokiota. Ukuta wa udongo uliopakwa chokaa. Dirisha dogo lenye pazia la kanga, na mchana mwanga uliopenya pazia uliufanya mwili wa mtu uwe na rangi ya embe. Pembeni jiwe la msiro, chupa za mafuta ya ufuta, bakuli la liwa, ule unga wa mti wenye kunukia, na beseni la maji ambamo Somoe alikuwa amefikicha majani ya mkunazi mpaka yakatoa povu, ya kuoshea nywele. Kutoka mbele ilisikika cherehani ya fundi, inakwenda, inasimama. Somoe, yule msemaji, udi ukiwaka alikuwa mtu mwingine. Alimfunika mteja kanga kutoka kidevuni mpaka magotini, na kuanzia hapo hakuna sehemu iliyobaki wazi bila sababu. Alisogeza kanga, hakusogeza mtu. Alianza na kidole kidogo cha mkono wa kulia. Akapanda taratibu, kiganja, kiwiko, bega, ubavu, akashuka mpaka unyayo wa kulia. Alirudia mara tatu. Ndipo akazunguka kitanda na kuanza kushoto. Midomo yake ilicheza lakini sauti haikutoka, na wateja walidhani anaimba moyoni. Mwisho alizigawa nywele zao, akasuka mikia mitatu, akailaza nyuma. "Ulichokiacha hapa kinabaki hapa," alimnong'oneza kila mmoja.

Wanawake walilia. Mwanzoni niliogopa, nikadhani tunawaumiza. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mkali, aliyekuwa ananichapa zamani, alikaa ukingoni mwa kitanda baada ya udi kuzima akatazama mikono yake kama ya mtu mwingine. "Hakuna aliyewahi kunishika bila kunitaka kitu," akasema. Wiki ile alileta dada zake. Kufikia msimu wa korosho walikuja wa kutoka Chunyu na Malolo, wanasubiri uani kwa fundi, wanakula mabibo, wanasimuliana. Nilisikia mmoja akimwambia mwenzake, "Ukiingia mle unakuwa huna shida na mtu." Nililiandika neno lile kwa rangi ya bluu chini ya TULIA.

Yapo mambo niliyoyaona, na mimi ni mtu wa kuchambua kila kitu, lakini haya sikuyachambua. Baadhi ya asubuhi Somoe alichelewa, akaja mikono ina harufu baridi, kali, ya kuingia puani moja kwa moja. Niliipenda. Siku moja nikamwambia nimeijua, ni karafuu maiti, tena nimesoma kwamba inapoza ngozi, kwa nini tusitie kidogo kwenye maji ya mwisho? Alikuwa anakula. Tulikuwa tumekaa chini uani, sahani moja ya ugali wa muhogo na kisamvu katikati yetu. Aliusimamisha mkono wake juu ya sahani. "Hiyo hapana," akasema. "Hiyo ina mahali pake." Nikadhani ni mambo ya jina tu, kwamba neno maiti litawaogopesha wateja. Nikaona ana akili ya biashara.

Bibi harusi aliletwa na shangazi yake, Binti Saidi, mwanamke mnene, mwenye dhahabu masikioni, wa familia ya wanunuzi wa ufuta wa Ruangwa. Alikuja kutukagua kwanza. Alinusa chupa. Alivuta kamba za kitanda. Alimtazama Somoe kuanzia miguuni. "Zuhura ni mtoto wa kaka yangu, mmoja tu," akasema. "Harusi itakusanya wilaya mbili. Nataka ang'ae, lakini sitaki achubuliwe. Nasikia nyie hamchubui." Akasema pia kwamba Ruangwa ana chumba kikubwa barabarani, chenye maji ya bomba, na kama Zuhura atatoka mikononi mwetu vizuri, chumba kile tutakitumia sisi. Alipoondoka nilimkumbatia Somoe mpaka msiro wake ukanichafua shavu. Nilijua hii ndiyo nafasi yetu. Zuhura akitoka vizuri, hakuna atakayeniuliza tena kama nimepata kazi. Akitoka vibaya, hakuna mama atakayemleta binti yake kwenye chumba cha nyuma kwa fundi. Nilianza kuota chumba cha Ruangwa, na ndani ya ndoto nilikuwa tayari nahangaika na bomba lake.

Zuhura alikuwa na umri wa miaka kama kumi na tisa, mwembamba, anaogopa. Walifikia kwa ndugu zao Nachingwea. Asubuhi ile shangazi alimwacha kwetu akaenda sokoni kutafuta udi wa harusi. Nilipokuwa nawasha udi wetu, msichana aliniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, inauma?" Nikamwambia haiumi. "Si hii," akasema, akageuza uso ukutani. Mimi mwenyewe sikuwa nimeolewa. Somoe ndiye aliyemwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiacha hapo mpaka mabega ya yule mtoto yakashuka. Kisha akaanza na kidole kidogo cha kulia. Nakumbuka cherehani ilikuwa kimya asubuhi ile. Nakumbuka Zuhura akipumua kama mtu anayesinzia. Somoe alimaliza upande wa kulia mara ya tatu, akafunika unyayo, akasimama ili azunguke kitanda.

Mlango uligongwa. Alikuwa mama mmoja mzee wa mtaa wa nyuma ya soko, hana viatu. Hakuingia. "Somoe mwanangu," akasema, "kafa tangu alfajiri. Ndugu wamefunga milango. Hakuna anayetaka kumgusa. Jua linapanda." Nilimfahamu aliyekufa, kila mtu alimfahamu. Alikuwa binti aliyerudi kutoka mjini na ule ugonjwa ambao miaka ile haukutajwa kwa jina, na watu walivuka barabara ili wasipite mbele ya dirisha lake.

Somoe alimtazama Zuhura, akanitazama mimi. Hapo ndipo nilipoelewa ile harufu, ule uchelewaji, zile safari zake za kwenda misibani mpaka Kilimarondo ambako nilidhani ana ndugu wengi wanaokufa. Kwetu wanaoingia nyuma ya pazia kumwosha marehemu hawatajwi. Hutaulizwa ulikuwemo nani, nao hawasemi walichokiona. Nilikaa naye mwaka mzima kwenye sahani moja na sikujua.

"Dada, mmalizie kwanza," nikamwambia. "Upande mmoja tu umebaki. Shangazi yake akirudi akakuta..."

"Huyu anaweza kusubiri, anapumua," akasema. Akainama. "Bibi harusi, ningoje. Usijifunue, usiamke. Kushoto bado." Halafu akaniambia mimi, huku ananawa mikono, "Nahitaji wa kumwaga maji. Yule bibi hawezi kuinua ndoo."

Nilisimama katikati ya chumba. Nikawaza chumba cha barabarani, bomba, Binti Saidi na masikio yake ya dhahabu. Nikawaza ugonjwa unaingilia wapi, kucha zangu zilizotafunwa, vidonda. Nadhani ningesimama pale mpaka leo kama Zuhura asingesema, macho yamefumba, "Nenda tu, dada. Mimi nitalala."

Katika kile chumba cha nyuma ya soko kulikuwa na kitanda cha kamba katikati. Kulikuwa na beseni la maji ya mkunazi yenye povu. Somoe alijifunga vitambaa na mifuko mikononi, akanifunga na mimi, akaniambia nimwage kwa kopo pale atakapoonyesha, na nisipotaka kutazama nitazame ukuta. Nilitazama ukuta. Lakini niliona kwa masikio. Nilisikia kanga ikisogezwa, mtu hasogezwi. Nilimsikia akizunguka kitanda. Midomo yake ilikuwa inatamka sasa kwa sauti, na maneno yale niliyodhani ni wimbo yalikuwa dua. Nikageuka. Alikuwa amemshika yule binti kidole kidogo cha mkono wa kulia, na alikuwa anakiosha kama vile kina muda wote duniani. Akapanda kiganja, kiwiko, bega, ubavu, akashuka mpaka unyayo. Mara tatu. Kisha kushoto. Nywele zilikuwa zimebaki chache, lakini alizigawa vilevile, akasuka mikia mitatu myembamba kama nyuzi, akailaza nyuma. Yale yote niliyoyauza mwaka mzima chini ya neno TULIA yalikuwa mbele yangu, kwa mpangilio uleule. Tofauti ilikuwa karafuu maiti tu, aliyoitia kwenye maji ya mwisho.

Tukarudi. Njiani nilimuuliza swali moja. "Wateja wetu, ulikuwa unawaona hivyo? Wamekufa?" Alisimama barabarani, jua kali, akanitazama kama vile nimemtukana. "Mimi sijui kumshika mtu kwa namna mbili," akasema. "Nilifundishwa hiyo moja. Nikaona na walio hai inawafaa."

Binti Saidi alikuwa mlangoni. Fundi amesimamisha cherehani, wateja watatu uani wamesimamisha mabibo mikononi. Hatukuhitaji kusema kitu, harufu ilitutangulia, na habari za mtaa wa nyuma ya soko zilikuwa zimeshafika sokoni kabla hatujamaliza.

"Mikono ya maiti," akasema Binti Saidi, taratibu kwanza, kama anayejaribu maneno. Kisha akapaza sauti. "Mikono ya maiti, tena ya maiti yule! Ndiyo mnamshikia bibi harusi?"

"Mikono ni yangu, Binti Saidi," akasema Somoe. "Maiti kaenda na yake."

Mmoja wa wale watatu alicheka, akajiziba mdomo. Hilo lilimchoma shangazi kuliko yote. Aliingia ndani, akamtoa Zuhura amejifunga kanga, miguu mitupu, nywele hazijasukwa. Msichana alikuwa ananing'iniza mkono wa kushoto kwa namna ya ajabu, kama mtoto aliyeambiwa asichafue nguo. "Shangazi, bado kushoto," akasema. "Kaniambia nisiamke, bado kushoto."

"Twende!"

"Nitakuwa nusu!"

Waliondoka. Pale mlangoni nilibaki na lile neno. Watu wengine wangelisahau, ni neno la msichana aliyeshtuka. Mimi nilikaa nalo. Harusi ilifanyika Ruangwa, tulisikia ilijaa, tulisikia bibi harusi alichubuliwa na mtu mwingine. Baadaye tulisikia ameachika, kisha kwamba si kweli. Kwamba alijifungua mtoto mfu, kisha kwamba mtoto yu hai. Kila habari mbaya iliyotoka kwa Zuhura niliipeleka upande wa kushoto. Najua haina maana. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba haina maana, na bado kwa miaka ishirini nilifumba macho nikipita Ruangwa.

Wateja waliisha bila matusi. Hakuna aliyetutukana. Dini inawaheshimu waosha maiti, na watu wanawaheshimu pia, kwa mbali. Walitusalimia vizuri sana, wakavuka barabara. Mvua zilianza, chumba kikanuka unyevu, jiwe la msiro likakauka. Nilijaribu kuja kila siku kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda, na nilichokiogopa zaidi hakikuwa kukosa wateja. Niliogopa kumpata mmoja. Aliyelala pale, chini ya mwanga ule wa rangi ya embe, amefumba macho, amefunikwa mpaka kidevuni, sikuweza tena kumtazama bila kusubiri kifua chake kiinuke. Wachache walikuja hata hivyo. Nakumbuka mama mmoja wa Malolo aliyekuwa anauguza mwanawe nyumbani. Alisimama mlangoni analowa mvua. "Ni hapa ambapo hawaogopi kushika watu?" akauliza. Somoe akamlaza. Mimi niliwasha udi, nikatoka nje, nikakaa na fundi. Alikuwa anashona sanda ya mtu, au shuka, sikuuliza.

Kabla mwaka haujaisha nilipata kazi ya ofisini Lindi. Siku ya kuondoka Somoe alinikuta nafuta maandishi ya bluu mlangoni. "Lala," akasema. Sikuwa nimewahi kulala kwenye kile kitanda. Kila aliponiambia nilikuwa na kazi ya kufanya. Nilitaka kusema gari linaondoka, lakini mwili ulikuwa umeshajilaza. Kamba zilikuwa baridi mgongoni. Sikufumba macho, niliogopa kwamba nikifumba sitafumbua, nikatazama chokaa ya darini huku mkono wake ukishika kidole changu kidogo. Niliwaza kila kitu. Niliwaza ndivyo nitakavyolala siku nikifa, nani atakuwepo, atanishika vipi. Mahali fulani kati ya kiwiko na bega niliacha kuwaza. Alipomaliza kushoto alisuka mikia mitatu, akailaza nyuma, akanipigapiga bega. "Haya," akasema. "Ulikuwa unaijua kwa nje. Sasa unaijua na kwa ndani." Nikadhani anazungumzia biashara.

Kwa hiyo nilijua. Nyuma ya pazia, katika nyumba yake ya Nachingwea, juu ya kitanda cha kamba, Somoe alikuwa amepungua sana, na bila msiro uso wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyoukumbuka. Binti yake alishika kopo. Nilishika kidole kidogo cha mkono wa kulia, na mengine yakaja yenyewe. Sikuteleza, na chozi nililipangusa kwa bega kabla halijadondoka. Niliyoyaona mle yanabaki mle.

Wanaume walipoondoka na jeneza, nilitoka uani nikakaa kwenye jamvi pembeni, mikono yangu inanuka ile harufu baridi, na wanawake wakanipisha kidogo, kwa heshima, kwa mbali. Mmoja hakunipisha. Alikuwa mtu mzima, amenenepa, ana dhahabu masikioni kama ya shangazi yake. Alikuja moja kwa moja akakaa karibu mpaka magoti yetu yakagusana. Nilimjua kwa namna alivyoubeba ule mkono wa kushoto.

"Kila ukipita Ruangwa unajifanya umelala," akasema. "Nina duka pale stendi. Nakuona."

Nikamwomba anisamehe, au nilijaribu. Nikaanza kumuuliza juu ya ndoa, juu ya mtoto, yale yote niliyoyasikia, yakatoka ovyo na kwa pamoja. Alinitazama kwa mshangao.

"Nina watoto wanne," akasema. "Mume wangu kaenda na wanaume, kabeba jeneza. Unalia nini? Wewe ulidhani nimepatwa na nini?" Kisha sauti ikashuka, ikawa ile ndogo ya siku ile. "Lakini nilimngoja, dada. Aliniambia nimngoje. Kila mwaka nasema nitakuja kwa Somoe anishike upande uliobaki, naona aibu, nasema mwakani. Leo nimekuja nimechelewa."

Hakuongeza neno. Aliutoa mkono wake wa kushoto kutoka ndani ya buibui, akaulaza mapajani kwangu, kiganja juu, mbele ya wanawake wote na mikono yangu ikinuka vile. Binti yake Somoe alituona. Aliingia ndani akatoka na chupa ya mafuta ya ufuta, ile ya mama yake, imebaki robo, akaiweka kwenye jamvi. Uani wanawake waliacha kuongea mmoja baada ya mwingine. Hakukuwa na udi. Zuhura akafumba macho.

Nikamshika kidole kidogo.